Wasifu wa mama wa arobaini: neno "manamba" niliandike au niliache?

Kitinda_Mimba:

Wakuu, salaam. Mama yetu tulimzika mwezi uliopita hapa Tanga. Siku ya maziko ulisomwa wasifu wa mistari sita: kazaliwa 1951 Korogwe, kasoma hadi darasa la nne, kaacha watoto watano na wajukuu kumi na mmoja. Basi. Mtu ambaye akitumwa chumvi dukani alirudi baada ya saa nzima, maana kila mlango alibisha hodi, kamalizwa kwa mistari sita. Jumamosi ijayo ni arobaini. Nimepewa kazi ya kuuandika upya na nimekwama kwenye mstari wa kwanza.

Kwamba kazaliwa Korogwe si uongo, ila Korogwe mjini utotoni alipaona siku za mshahara tu. Kazaliwa kambini, ndani ya shamba la mkonge. Babu alikuwa Muha. Aliandikishwa Kigoma kuwa manamba, yaani kibarua wa mkonge, akapanda treni ya Reli ya Kati, safari akaimalizia juu ya lori. Kazi yake kukata mkonge, mitita ya majani 30, na mwisho wa siku nyapara anamwandikia kwenye kipande, ile kadi ya kazi, au anamnyima. Bibi alikuwa upande wa kuanika singa, zile nyuzi za mkonge. Mama alikulia kwenye ile harufu ya korona, kiwanda cha kusaga majani ya mkonge. Hata uzeeni basi likipita karibu na shamba, abiria wengine wakiziba pua, yeye anafungua dirisha.

Kambini walikuwamo Wamakonde, Wabena, Warundi, Wanyamwezi. Ndiyo maana mama, mtoto wa Muha, alikuwa akiicheza sindimba, ngoma ya Wamakonde, mpaka wenyewe wanasogea pembeni. Na mtu akihamia mtaani kwetu asubuhi, hadi magharibi mama ameshajua katokea wapi na yupi kati ya watoto wake anakohoa.

Mwaka 1973 kwenye kampeni ya Mtu ni Afya alikuwa na miaka 22. Darasa lake la nne lilitosha kuwa msomaji wa kikundi: wanakaa wanasikiliza redio, anawasomea kijitabu, halafu wanatoka kukagua vyoo nyumba kwa nyumba. Marehemu baba alikuwa fundi kwenye korona. Choo chake kilikataliwa mara mbili. Mara ya tatu alipeleka posa.

Walipohamia mjini, Makorora, akawa Mama Sufuria. Wanawake ishirini walichangishana wakanunua masufuria ya pilau, sinia, majamvi na miiko, vyote vikawekwa chumbani kwetu. Sisi watoto tulilala katikati ya masufuria, nawaambieni kweli. Kila kitu alikipiga namba kwa rangi nyekundu iliyobaki kwenye kupaka mlango, na kila aliyeazima aliandikwa kwenye kaunta buku. Kwa msiba hakutoza hata senti. Kwa harusi ulilipa, na ukirudisha sufuria lina ukoko unarudishwa nalo.

Sasa shida yangu. Mama mwenyewe alisema waziwazi, "Mimi mtoto wa manamba," tena akicheka. Lakini mjomba, mdogo wake, naye wa kambini hukohuko, amenipigia simu: niandike "baba yake alikuwa mkulima". Neno lile hataki kulisikia mbele ya watu. Nifanyeje?

Mzee_wa_Mruazi:

Pole sana mwanangu, Mungu amrehemu. Mimi nasema andika. Manamba halikuwa tusi pale lilipoanza. Mtu akiandikishwa kwenda mkongeni anapewa namba, basi, ndiyo jina likazaliwa. Kuandika "mkulima" ndiyo uongo wenyewe, mkulima analima chake.

Tena mwambie mjomba wako kwamba hata mkonge wenyewe ni manamba. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikapitia Hamburg. Ilipofika huku wakaihesabu, iliyo hai 62. Kutoka hiyo 62 yakaja mashamba yote yale, hadi miaka ya sitini nchi inatoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Nani alizikata? Si akina babu yako?

Dada_wa_Muheza:

Samahani mzee wangu, hapo sikubaliani nawe. Historia ya neno ni kitu kimoja, kuitwa ni kingine. Mimi nimesoma na watoto wa kambini. Mtoto akija na shati limepasuka, au akikosea Kiswahili kidogo, darasa zima "manamba huyo!" Mama yako aliweza kulicheka kwa sababu alikuwa mtu wa kucheka. Mjomba wako huenda alilia nalo, na Jumamosi atakuwa amekaa mbele kabisa kwenye jamvi watu wakimtazama.

Usimwandikie wasifu dhidi yake. Mfuate ana kwa ana, si kwa simu. Nenda na sukari, mwambie akusimulie babu alifikaje. Kisha ndiyo ushike kalamu.

Pwani_Kwetu:

Mimi naunga mkono ile ya choo na posa. Hiyo isipoandikwa nitakuja kuisoma mwenyewe.

Mpita_Njia_Makorora:

Pole ndugu. Kama ni Mama Sufuria ninayemjua mimi, alikuja kwetu usiku wa manane mvua inanyesha, kaka yangu amefariki. Sufuria kichwani, jamvi kwapani, hata hatujampelekea habari. Mpaka leo sijui alisikia kwa nani.

Halafu, jamani, naona aibu hata kuuliza. Kwenye hiyo kaunta buku hakuna sinia?

Kitinda_Mimba:

Nimerudi. Asanteni wote. Dada wa Muheza, nilikwenda Korogwe juzi na sukari kilo mbili. Mjomba alikaa kimya mpaka chai ikapoa. Halafu akaitaja namba ya babu. Yote, tarakimu baada ya tarakimu, kama mtu anayetaja namba yake ya simu. Babu alikufa mjomba akiwa kijana, na hajawahi kututajia hata siku moja. Kasema siku za mshahara babu alikuwa anamshika mkono wanasimama foleni, na yeye ndiye aliyetegea sikio namba isije ikapita.

Neno bado hataki. Ila kasema, "Andika kwamba aliandikishwa, na namba yake uiandike." Basi nimeiandika, mstari wa pili, kabla hata ya jina la bibi. Mzee wa Mruazi, nadhani hapo umeshinda nusu. Choo nacho kimo, ingawa dada yangu mkubwa ananuna.

Mpita Njia: nimeangalia. Sinia mbili, namba 17 na 18, harusi ya mdogo wako, na mama kapiga mstari chini mara tatu. Zilete Ijumaa kabla ya laasiri, Jumamosi tunapakulia.