Wakili wa "anza bila senti" kanifilisi mara ya pili

Wakuu, heshima kwenu. Nauandika uzi huu nikiwa na hasira, mtanisamehe.

Niko Houston, nabeba boksi kama wengi wenu. Mwaka juzi nililazwa siku nne. Bili ya hospitali ikapanda juu ya madeni ya kadi, jumla dola 31,000 na ushee, wadai wakawa wananipigia hadi kazini. Nikaona bango barabarani: tangaza kufilisika bila kutoa hata senti. Nikajaa mwenyewe. Tena karani wa pale ni Mbongo mwenzetu, nikasema nimefika nyumbani.

Wakili nilimwona dakika kumi. Kipato changu hakuuliza, kasema tu Chapta 13 ndiyo yangu, ile aina ya kufilisika ya kulipa wadai kidogo kidogo: dola 430 kila mwezi, miaka mitano. Kesi ilipofunguliwa simu zikakoma kweli, hilo silikatai, sheria ndiyo inawazuia wadai. Lakini kumbe kwa kipato changu nilikuwa na sifa zote za Chapta 7, inayofuta madeni ya aina hii ndani ya miezi michache! Ada ya mahakama dola 338. Shida ni kwamba huko wakili hutaka chake kabla, maana ukimkopa, deni lake nalo linafutwa. Kwenye 13 anajikatia humo humo kwenye marejesho yako. Wangu alijiandikia 4,500. Miezi ya mwanzo nilikuwa namlipa yeye, wadai wanasubiri.

Sasa kikao na msimamizi wa kesi, kwa Zoom. Wakili hakutokea, kaleta kijana ambaye hata jina langu lilimshinda kulisoma. Msimamizi ananiapisha, anauliza: una ardhi au mali popote, hata nje ya Marekani? Nikasema nina kiwanja Chanika, Dar, 20 kwa 20. Kimya. Kwenye fomu hakimo. Karani nilimtajia, akanijibu "cha Bongo hakihusiki, bro". Fomu imesainiwa chini ya kiapo na mimi, si yeye! Nilitetemeka mikono, na yule kijana kazima maiki.

Baadaye nikapunguziwa masaa kazini, marejesho yakanishinda, kesi ikatupwa. Nilipiga simu ofisini kwao mpaka nikachoka, hakuna aliyeniambia kwamba kabla haijatupwa ningeweza kuihamishia Chapta 7. Madeni yamerudi na riba zake.

Juzi nimekwenda kwa wakili mwingine, mama mmoja, ofisi ndogo juu ya duka la matairi. Leseni yake niliikagua kwanza State Bar of Texas, chama cha mawakili (na yule wa kwanza anayo, safi kabisa, kwa hiyo msitegemee hilo peke yake). Hata sijakaa sawa: "Kwenu una nini?" Kisha: mwaka huu umemlipa ndugu yeyote deni? Nikamtaja shemeji, dola 2,000. Akaweka kalamu chini. Kumbe msimamizi anaweza kumfuata shemeji azirudishe. Tumekubaliana kusubiri mwaka upite tangu nimlipe, ndipo tufungue kesi mpya. Pia nikifungua sasa hivi, kwa sababu kesi ya kwanza ilitupwa, kinga dhidi ya wadai ni siku 30 tu mpaka jaji aiongeze.

Aliyewahi kumpeleka wakili kwenye chama chao anipe mwongozo, inachukua muda gani na wanataka nyaraka zipi. Na wewe karani, najua humu umo: kiwanja cha Chanika ni mali.