Mawazo mapya ya biashara yanatoka wapi? Nimechoka kuuza dagaa kama jirani

Mwaloni_Kirumba:
Wakuu, heshima kwenu. Nauza dagaa hapa soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, Mwanza. Meza zote zinafanana: dagaa walewale, kopo lilelile, mmoja akishusha bei wote tunashusha. Kila mtu anasema "kuwa mbunifu", ila hasemi unaanzia wapi. Inafundishika hii, au ni kipaji?

Nyegezi Kona:
Inafundishika. "Niuze nini kipya?" ni swali pana mno, kichwa kinagoma. Libane. Wiki nzima andika daftarini kila lalamiko la mteja, kwa maneno yake: wana mchanga, wachungu, nyumba inanuka, kopo zima ni nyingi kwangu. Linalojirudia sana ligeuze swali: "Nifanyeje mpangaji wa chumba kimoja apike dagaa bila kugombana na majirani?" Hapo utaona waliokaangwa tayari, waliotolewa vichwa, unga wa kuchanganya na uji.

Kisha kaa na watu wawili watatu, mmoja asiwe muuza dagaa. Mama lishe anafaa sana. Dakika 10, mawazo 20, marufuku kusema "haiwezekani". Alex Osborn, mtu wa matangazo wa Marekani, ndiye aliyeieneza kanuni hii ya kutoa mawazo kwanza na kuyahukumu baadaye: ukichuja huku mnatoa, watu wanaona aibu, wananyamaza. Yale saba nane ya kwanza yatakuwa ya kila mtu, msiishie hapo. Mkikwama, shikeni jambo moja mlichezee: liondoeni, lipunguzeni, liunganisheni na jingine, libadilishieni mnunuzi. Kuchuja ni kesho.

Mama Pakiti:
Naongezea panapoharibika. Dagaa wa kuanikwa mchangani usihangaike kuwapakia, tafuta wa chanja. Vunja mmoja: akikatika kwa mlio, sawa, akipinda, bado. Funga wachache kwenye mfuko angavu, weka juani saa kadhaa. Ukiona matone ndani, huo ni ukungu unaokuja. Na wapoe kwanza ndipo ufunge. Masika ndiyo mtihani.

Bei sasa. Ukitoa vichwa na matumbo, kilo haibaki kilo. Pima kabla na baada. Wengi wanapiga hesabu ya pakiti 4 za gramu 250, kumbe hazitimii, faida imeliwa na vichwa. (Vichwa navyo usitupe, wafuga kuku wapo.)

Karabai:
Napingana kidogo. Pakiti wataiga upesi tu. Angalia na namna ya kuuza. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikipevuka mzigo unapungua, bei inapanda. Kila mtu Mwaloni anajua, ila mama lishe na mashule bado wanaumia kila mwezi. Wape bei moja ya mwezi mzima, wewe uweke akiba ya waliokauka vizuri wakati wa giza. Usiahidi kuzidi stoo yako, na magunia yakae juu ya mbao, si sakafuni.

Mwaloni_Kirumba:
Shukrani wakuu. Kwa kujaribu nianze na kiasi gani?

Nyegezi Kona:
Pakiti 20, kwa watu wasiokujua. Ndugu watasifia tu. Usiulize "umeipenda?", hesabu wanaorudi kununua kwa bei kamili. Wakiwa chini ya watano, badilisha kitu kimoja, ama ukubwa, ama bei, ama mahali pa kuuzia, ujaribu tena. Ukibadilisha vyote kwa mpigo hutajua kipi kimesaidia. Kabla ya kugonga milango ya supamaketi, pita SIDO (shirika la viwanda vidogo) uulizie vifungashio, na TBS (shirika la viwango) kuhusu alama ya ubora.