Bomba la chini limeziba, jirani anapata maji mimi nasikia upepo. Nifukue pevingi yote?

Mwalimu_Mkonze

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri kabla sijaamua kwa hasira.

Niko Mkonze, Dodoma. Nyumba yangu iko juu kidogo, mita ya maji iko chini karibu na geti. Kutoka mita mpaka ukutani ni mita 46, nimepima mwenyewe kwa futi kamba. Bomba ni lile jeusi la roli, robo tatu ya inchi, lililazwa 2016 wakati kiwanja bado ni vichaka. Mita 18 za mwisho kuja nyumbani zimepita chini ya pevingi ambayo mkopo wake bado nakatwa kwenye mshahara. Kwa hiyo mkiniambia "fukua tu", jueni mnamwambia nani.

Wiki tatu zilizopita barabara ya mtaa ilichimbwa, bomba kubwa likakatwa, tukakaa siku nne bila maji. Yaliporudi, koki ya jikoni ilikohoa mara mbili, ikatema maji rangi ya chai ya maziwa nusu ndoo, kisha kimya. Mpaka leo. Ukifungua unasikia upepo kidogo, basi. Jirani yangu wa ukuta mmoja simtanki lake linafurika usiku, nalala nikilisikiliza.

Fundi wa kwanza alikuja, akaweka sikio kwenye bomba kama daktari, akasema, "Mwalimu, hili ni la kufukua lote." Hakufungua hata nati moja. Nikampa nauli ya boda, akaenda.

Nanunua dumu sita kwa siku, shilingi 500 kila moja. Pigeni hesabu wenyewe, mimi nimechoka kuipiga.

Swali: kuna namna ya kujua limeziba wapi bila kufukua mita zote 46?

bichwa_gumu

Mwalimu, kwa baridi hii ya Julai na upepo wa Dodoma labda maji yameganda humo ndani. Washa jiko la mkaa juu ya pevingi 😂

kijana_wa_Majengo

Chukua kompresa kwa fundi tairi, chomeka upande wa nyumba, piga upepo. Dakika mbili tu. Ikishindikana mimina maji ya betri, yanakula kila kitu.

FundiKoki

Kijana, maji ya betri kwenye bomba la maji ya kunywa? Acha. Na kompresa ya tairi inasukuma upepo mkali kuliko soketi nyingi za mtaani (viungio vya bomba) zinavyoweza kuhimili. Ikiachia chini ya pevingi utakuwa na matatizo mawili badala ya moja, na upepo huo ukifika kwenye mita utailipia.

Mwalimu, shikamoo. Nina miaka kumi na tisa kwenye kazi hii, nyingi hapa hapa Dodoma. Usifukue kwanza, pima.

Mita yenyewe na lakiri yake usiguse, hiyo ni mali ya mamlaka. Wewe anzia kwenye koki iliyo baada ya mita. Funga hiyo koki, fungua yunioni inayofuata (kile kiungio cha nati), weka ndoo, kisha fungua koki taratibu. Maji yakija kwa nguvu, mita ni nzima na barabara ni nzima, ugonjwa uko kwako. Yakija kwa machozi, piga simu mamlaka waje wasafishe kichujio cha mita, maana bomba kubwa likikatwa mchanga hukimbilia pale.

Sasa sikiliza hii, mafundi wengi hawaifanyi. Nyumba yako iko juu, mita iko chini. Ukifunga tena koki na kuacha yunioni wazi, maji yaliyolala kwenye bomba lako yatashuka yenyewe yamwagikie kwenye ndoo. Yapime. Roli ya robo tatu inabeba karibu lita moja kwa kila mita tatu. Bomba lako lote ni kama lita 15. Ukipata 15, halijaziba, ni upepo umekaa kwenye nundu mahali bomba limepanda na kushuka, na hiyo dawa yake ni rahisi. Ukipata pungufu, zidisha lita ulizopata kwa tatu. Hapo ndipo lilipoziba, ukihesabu kutoka kwenye mita.

Mwalimu_Mkonze

Marahaba. Nafundisha hesabu miaka yote hii na hakuna aliyewahi kuniambia bomba linaweza kujibu swali. Kesho Jumamosi nafanya.

MgogoWaDuluth

Mbukwenyi! Huyo bichwa gumu anacheka, lakini mimi niko Duluth, Minnesota, na huku kuganda si utani. Ngoja nieleze maana nadhani itamsaidia Mwalimu.

Huku bomba la kuingia nyumbani hulazwa zaidi ya mita 2 chini, kwa sababu ardhi yenyewe inaganda. Na haigandi Januari kisha ikaisha. Baridi inaendelea kushuka chini taratibu hata jua likianza kurudi, ndiyo maana mabomba mengi yanakamatwa Februari na Machi. Pabaya kuliko pote ni chini ya njia ya gari. Theluji ni blanketi. Ukiifagia njia ipitike, umeivua ardhi nguo. Mwaka wa kwanza niliofika nilifagia mpaka saruji ikang'aa, nikajiona mtu safi. Machi asubuhi nikafungua koki, kimya kama yako.

Zamani, kwa mabomba ya chuma, walikuwa wanaleta mashine ya kuchomelea, wanapitisha umeme kwenye bomba mpaka lipate moto. Nyumba zimewaka kwa njia hiyo, na kwa bomba la plastiki haifanyi kitu kabisa, plastiki haipitishi umeme. Aliyekuja kwangu alifanya hivi: alifungua bomba kwa ndani ya nyumba, akaingiza kipira chembamba kigumu kigumu, kinaenda ndani ya bomba lenyewe. Anasukuma maji ya moto kupitia hicho kipira, yanagonga barafu, yanarudi nyuma yakizunguka kipira, yanamwagikia kwenye ndoo, anayapasha tena. Kila barafu ikiyeyuka kidogo anasukuma kipira mbele. Sentimita kwa sentimita, karibu masaa matatu, mimi namshikia ndoo. Ghafla ndoo ikajaa maji ya baridi kali, akapiga kelele "toa mkono!" Baada ya hapo tuliambiwa tuache koki moja ikitiririka unene wa penseli usiku na mchana mpaka ardhi ipate joto.

Mwalimu, tope si barafu, halihitaji maji ya moto. Lakini kipira ni kilekile. Kitakuonyesha umbali, na maji yake yatachimba tope kutoka ndani.

FundiKoki

Huyu kaka kasema kitu. Tatizo ni kupata kipira. Ule mpira wa leveli wa mafundi ujenzi ni laini mno, utajikunja ukifika mita tano.

Mwalimu_Mkonze

Narudi na majibu, ni marefu kidogo, mtanisamehe.

Jumamosi asubuhi nilifungua yunioni ya baada ya mita. Maji yalikuja kwa hasira, yakanilowesha gauni. Kwa hiyo mita nzima. Nikafunga koki, nikaacha bomba limwage. Yalitoka kwa kugugumia, gluk, gluk, yanasimama, yanaanza tena, robo saa nzima. Nikapima kwa jagi la jikoni: karibu lita 9. Mara tatu, mita 27 kutoka kwenye mita.

Kipira nilikipata kwa mwalimu mwenzangu mwenye shamba la zabibu Mpunguzi. Ni kile cheusi chembamba cha umwagiliaji wa matone, chembamba kuliko kidole changu kidogo, kigumu cha kutosha kusukumika. Nilikifuta kwa maji yenye jiki kwanza, maana kinaingia kwenye bomba la kunywa. Kukiunga na mpira wa bustani wa jirani (amenipa maji juu ya ukuta, Mungu ambariki, nimemsamehe simtanki lake) nilitumia mkanda wa tyubu ya baiskeli, nikauzungusha nikiuvuta mpaka vidole vikauma. Ukavuja kidogo tu.

Kijana wangu anasukuma, mimi nimeshika ndoo pale ukutani. Kikaenda, kikaenda, kikagota. Tulikuwa tumekitia alama ya kalamu kila mita: mita 19. Sasa toa 19 kwenye 46. Nilikaa chini kwenye ngazi nikacheka peke yangu. 27!

Tulifungua maji. Tope lilianza kurudi jekundu, zito kama uji wa ulezi, lina vijiwe na mizizi midogo kama nywele. Tulichimba nusu saa, kipira kikasogea kama shibiri mbili, lakini tope likawa haliishi. Unatoa, linakuja lingine. Hapo nikashtuka: bomba lililoziba lina tope la kiasi fulani, haliwezi kuwa na tope la milele. Hili linaingia kutoka nje.

Nikatembea na futi kamba kutoka ukutani, mita 19. Nikajikuta nimesimama mita moja nje ya pevingi, kwenye ukoka wangu. Ninyi mnaoijua Dodoma ya Julai mnajua rangi ya kila kitu. Ukoka wangu pale, duara la ukubwa wa ungo, ni kijani kibichi. Mwaka wa pili huu. Nimewahi kuwaambia wageni ni mkono wangu mzuri wa bustani.

Tulichimba hapo tu. Futi mbili chini kuna soketi, imepasuka ufa wa ukucha.

FundiKoki

Basi umeshaelewa. Soketi ilikuwa inavuja miaka hiyo yote, ukoka unakunywa. Bomba kubwa lilipokatwa, maji yako yakarudi nyuma kushuka barabarani, na bomba likishuka maji linavuta. Likavuta tope kupitia huo ufa. Siku nne, kila wakifungua na kufunga linavuta tena. Weka soketi mpya ya kubana, siyo ya gundi, na baada ya koki ya mita uweke valvu ya kuzuia maji kurudi. Na usiku mmoja funga koki zote za ndani, soma namba za mita, usome tena alfajiri. Zikisogea una ufa mwingine.

Mwalimu_Mkonze

Soketi nimeweka, valvu nimeweka. Kabla ya kuunganisha tuliacha maji yatoke kwanza chini, kisha juu, mpaka ndoo nyeupe ikaonyesha kitako chake. Namba za mita hazikusogea usiku wa jana. Pevingi haijaguswa hata kitofali kimoja.

Dumu moja sasa linajaa kwa sekunde 50 pale jikoni. Nililipima mara mbili bila sababu.

bichwa_gumu

Hongera Mwalimu. Hicho kipira naweza kukipata wapi, shemeji yangu Ilazo ana kesi kama yako.

Mwalimu_Mkonze

Usinunue, njoo ukichukue. Kina mita 30, alama za kalamu bado zipo. Ila kinarudi Mpunguzi Jumapili, na kinarudi kimeoshwa.