Mama 61, mimi 34, mdogo wangu 15: vyuma vya aina moja kwa wote inawezekana?

Kiti_Siku_Nzima: Wadau naombeni mawazo. Mi nina 34, kazi ni ya kukaa tu na mgongo umeshaanza kulalamika. Mama ana 61, mzima ila akitaka kuinuka kwenye kiti cha chini lazima ashike kitu, na dokta alimwambia mifupa yake inapungua uzito. Afu kuna mdogo wangu wa 15 anacheza basketi, huyo ndo anatusumbua wote twende jimu. Sasa kocha mmoja anasema wote tuanze na ile fimbo ndefu ya chuma, skwati, dedilifti na kusukuma juu ya kichwa, hivyohivyo kwa wote watatu. Mwingine alicheka kabisa, akasema mama apewe vidambeli, vile vyuma vifupi vya kushika mkononi, vya kilo moja moja na dogo asiguse chuma atadumaa. Nimsikilize nani?

SkwatiKwanza: Wa kwanza. Skwati ni kukaa na kuinuka, dedilifti ni kuokota kitu chini, mama yako anavifanya kila siku iendayo kwa Mungu, ila kwenye chuma unaweza kupima kaongeza kiasi gani. Kilo moja moja za nini, mkoba wake tu unaweza kuzidi hapo.

Zoezi linabaki lilelile, kinachobadilika ni uzito wa kuanzia, kasi ya kuongeza na mapumziko. Wewe wa 34 anza hata na fimbo tupu, ya wanaume ni kilo 20, piga seti tatu, yaani raundi tatu, za mara tano, siku tatu kwa wiki, na kila ukirudi ongeza kilo 2.5 yaani kisahani cha 1.25 kila upande, utaona ni kidogo mno utataka kuruka usiruke. Mama siku mbili zinamtosha, na aongeze kwa visahani vya nusu kilo. Fimbo ya wanawake ni kilo 15 na ni nyembamba kidogo mkononi, lakini kwa kusukuma juu hata hiyo 15 inaweza kumshinda mwanzoni, mtafutie nyepesi zaidi wala si aibu. Kitu kingine watu wanasahau, zile sahani kubwa za mashindano zina kipenyo cha sentimita 45, kwaiyo fimbo inakaa sentimita 22.5 toka chini. Ukimwekea mama visahani vidogo fimbo inashuka karibu na sakafu na mgongo unapinda kuifuata. Iinueni juu ya vibao basi.

Baba_Wawili: Mkuu kwa mama sawa lakini mtoto wa 15 kumtwisha chuma mgongoni mi sikubali, mifupa bado inakua hiyo.

Fizio_Mtaratibu: Baba Wawili hofu hiyo ni ya zamani na wengi tunayo, ila madaktari wa watoto wa Marekani kupitia American Academy of Pediatrics wameshasema mazoezi ya nguvu yaliyopangwa vizuri na yenye msimamizi hayazuii mtoto kurefuka. Na huyo dogo akiruka kwenye basketi akatua, miguu inapokea mzigo unaozidi uzito wake mara kadhaa, hilo mbona hatumkatazi? Hatari ya umri ule ni kuoneshana, wanajaa watatu jimu hakuna mtu mzima, kila mmoja anataka ajue mwisho wake ni kilo ngapi. Mpeni uzito anaoumudu bila kuharibu namna sahihi ya kufanya zoezi, basi.

Kuhusu mifupa ya mama, Australia walifanya utafiti unaitwa LIFTMOR, wanawake waliokoma hedhi na mifupa yao imepungua, miezi 8, mara mbili kwa wiki nusu saa tu: dedilifti, skwati, kusukuma juu, pamoja na kuruka na kutua. Walianza taratibu ila mwisho walikuwa wanapiga seti tano za mara tano kwa uzito mkubwa kwelikweli kulingana na nguvu zao. Mifupa ya uti wa mgongo iliongezeka uzito wakati kundi la mazoezi mepesi ya nyumbani ilipungua. Hivyo vya kilo moja moja ndo kundi la pili hilo. Ila walisimamiwa kila kipindi, hapo msipapite haraka.

BiMkubwa_67: Mwanangu, mwambie mama asiogope vijana wa pale, wanajitazama kwenye kioo hawana habari naye. Mimi nilianza kwa kukaa kwenye boksi na kuinuka bila chuma chochote, boksi likawa linapunguzwa urefu kidogo kidogo. Bega langu halikubali fimbo ikae mgongoni, nikapewa dambeli moja niikumbatie kifuani, nikazoea hivyo. Na kama anaogopa kuwa na misuli kama ya mwanaume, hahaha, wanawake ile homoni ya kiume inayojaza misuli tunayo kidogo sana, hata wasichana wanaoitafuta wanahangaika.

Kiti_Siku_Nzima: Shikamoo mama, nimekuelewa. Fizio nilisahau kusema, mama anatumia dawa za presha. Inabadilisha kitu?

Fizio_Mtaratibu: Inabadilisha, na ungeanza na hiyo kaka. Arudi kwa dokta wake kwanza aulize hasa kuhusu kunyanyua vizito, kama presha haijatulia dawa inatangulia chuma. Wewe na dogo mtafundishwa kujaza pumzi na kukaza tumbo kabla ya kushuka, inalinda mgongo, lakini kubana pumzi hivyo huku unasukuma kitu kizito kunapandisha presha ghafla. Yeye atoe pumzi anapopanda, na seti aikatishe akiwa bado ana mara mbili tatu za akiba, asifike pale pa kutetemeka. Akisikia kizunguzungu, kifua kubana au kichwa kugonga, anaacha siku hiyo. Na vile vyuma vya pembeni vya kuidaka fimbo mtu akishindwa mviweke urefu wake kila anapoingia yeye, msiache vya kwako wewe mrefu.

SkwatiKwanza: Kwenye benchi pia, pale unapolala chali kusukuma fimbo juu ya kifua. Mtu asilale chini ya fimbo peke yake, hata awe na 15 au 61.