MREJESHO: Mkono wa mama baada ya kiharusi

Habarini wadau. Mwezi wa tatu niliuliza kama kifaa cha kushtua neva ya vagasi (mshipa wa fahamu unaotoka kwenye ubongo na kupita shingoni) kingemsaidia mama, ambaye kiharusi kilimwacha na mkono wa kulia uliojikunja ngumi. Nawashukuru sana mlionijibu.

Kifaa hatukukipata. Hupandikizwa kifuani kwa upasuaji, waya ukapanda hadi shingoni, na mtaalamu hukiwasha kila mgonjwa anapojaribu kushika kitu. Marekani ilikiidhinisha mwaka 2021, baada ya utafiti wa wagonjwa 108 wa huko na Uingereza. Ila hata wao walirudia mazoezi mara mamia kwa kila kikao, na hilo ndilo lililonifungua macho.

Mtaalamu wa fiziotherapia alimbandika mama pedi za umeme juu ya ngozi, chini ya kiwiko. Umeme ukipita, naye anajitahidi kufungua vidole. Nyumbani ni kuchambua maharage, kukunja kanga, kuanua nguo kwenye kamba, kila siku, hata akinuna.

Leo ni mwezi wa nne tangu aanze mazoezi haya. Vifungo vya nguo bado vinamshinda. Lakini Jumapili alishika kikombe cha chai kwa mkono uleule, akanywa hadi mwisho. Nililia.