Waliotenga chumba cha michezo nyumbani, tupeane uzoefu kabla sijamwaga hela

Baba Wawili
Wakuu habari. Nimemaliza kupaua huku Chanika. Nyuma kuna chumba cha futi 12 kwa 12, wife anataka kiwe stoo, mimi nataka kiwe cha michezo: meza ya pool, drafti, na gemu za kwenye tivii. Kilichonisukuma ni kijana wangu wa darasa la sita. Juzi nimemkuta banda la gemu, sare mwilini, begi kalikalia, anamfundisha jamaa mwenye ndevu kupiga faulo. Nilitaka kumchapa, nikakumbuka na mimi nilichapwa kwa kosa hilohilo. Waliofanya hii kitu nyumbani, njooni.

Fundi Msumari
Pool haiingii humo mkuu. Meza ya futi 7 sehemu yake ya kuchezea ni kama sentimita 198 kwa 99. Fimbo nayo karibu sentimita 147, na inatakiwa nafasi kila upande. Piga hesabu: unahitaji kama mita 5 kwa 4. Chako ni mita 3.6 na kidogo. Utakuwa unavunja vioo vya dirisha.

Kisiki cha Goba
Nakazia kwa machungu. Mimi nilinunua meza iliyotumika kutoka baa iliyokuwa inafungwa. Sikupima chochote, niliona bei tu. Kufika nyumbani mlangoni haipiti. Tukang'oa grili ya dirisha, vijana sita, meza yenyewe ya jiwe, mmoja ikamkanyaga kidole nikamlipia na hospitali. Ikaingia. Ndio tunagundua fimbo ikirudi nyuma inagonga ukuta. Nikakata fimbo mbili zikabaki saizi ya mwiko wa ugali. Watoto walicheza wiki moja wakarudi kwenye simu.

Sasa sikilizeni. Harusi ya shemeji, wageni kutoka Shinyanga wamejaa nyumba nzima. Wife akaamua kutandika godoro juu ya meza ya pool, akalala nani? Mama mkwe. Nyumba yangu ni hizi za paa la kuficha, na ilikuwa masika. Majani ya mwembe yakaziba njia ya maji. Saa nane usiku nasikia kishindo, umeme hakuna. Nakimbia na tochi ya simu, bodi ya jipsamu yote chini, maji yanamwagika, mama mkwe yuko juu ya meza na khanga moja, ameshika ile fimbo fupi anaita jina la marehemu mumewe. Mimi mkwe, natakiwa nisimuone hata miguu! Nikazima tochi. Kuzima tochi akadhani mwizi. Alama ya fimbo ninayo mpaka leo hapa juu ya jicho.

Mchuzi wa Pweza
Chai hii 😂

Kisiki cha Goba
Chai ya nini? Kaka uliyeoa utanielewa. Wewe endelea kula kwa shemeji yako.

Mchuzi wa Pweza
Mkwe kulala juu ya pool? Kwa mila za wapi?

Dada Kibiriti
Muacheni. Kwetu msibani watu walilala kwenye tela la trekta, sembuse pool. Kisiki, mama mkwe alikusamehe?

Kisiki cha Goba
Alipona, akaondoka asubuhi bila kula. Baadaye alituma mchele, nikajua yameisha.

Mwana wa Baraza
Assalam aleykum. Nyinyi wa bara mnajitia gharama. Kwetu Unguja baraza la mbele ndio chumba cha michezo. Kuna upepo, dhumna inapigwa, kahawa inapita. Ila mie yalinikuta mengine. Baba alipata kiharusi, mkono wa kulia ukawa mzito, na kwenda barazani akaona haya. Nikamtilia bao lake chumba cha uani, mkeka, mto wa kuegemea, taa nyeupe. Miezi miwili hakuligusa. Siku moja mjukuu wake wa miaka saba akakaa akaanza kupanga kete ovyo. Mzee akasema neno moja: "Siyo." Akanyoosha mkono wa kushoto akaanza kumpangia. Alimfunza namua tu, ile hatua ya mwanzo ya kuingiza kete; mtaji, hatua ya pili, hakufika. Mpaka leo mtoto yule akicheza anatumia mkono wa kushoto, na si wa kushoto.

Dada Kibiriti
Umeniliza kazini.

Mchuzi wa Pweza
Bao mtoto wa siku hizi hawezi. Mashimo 32, kete 64, akili inachoka. Wekeni tivii.

Mwana wa Baraza
Wewe hata ukiachiwa nyumba na kichwa utafungwa. Nyamaza.

Mama Tano
Tivii mimi nilitoa. Mkubwa aliishika, wadogo wakawa watazamaji, na baba yao alipofungwa sita bila na mtoto wake akasema gemu zinaharibu maadili.

Fundi Msumari
Bila tivii hawaingii, mama. Weka zote mbili na ratiba ukutani.

Mama Tano
Ratiba waliichana. Baba Wawili, nunua keram, bodi yake haifiki hata mita moja, unaiweka juu ya stuli. Taa ining'inie chini katikati, bila hivyo mtabishana kete imeingia au bado. Na panga boi usiliweke juu ya wacheza karata. Mimi niliweka, karata zikawa zinaruka, kila mtu anaapa alikuwa anashinda.

Fundi Msumari
Chini usiache marumaru tupu. Watoto wanne na dhumna, utadhani gereji. Tandika mkeka au zulia. Na dirisha likiwa magharibi, saa kumi hakukaliki.

Dada Kibiriti
Zulia linanusa miguu. Mkeka.

Baba Wawili
Nimewasoma wote. Pool nimefuta. Tatizo nimerudi jioni hii nimekuta wife kaingiza gunia mbili za mkaa na moja la mahindi. Kijana kaweka ubao wa drafti juu ya gunia la mahindi anacheza na mama yake, na mama ana kingi mbili.

Mtaa wa Nne
Kisiki, hiyo meza bado ipo? Nina ukumbi wa mita 6 kwa 5.

Kisiki cha Goba
Ipo, wife anapigia pasi. Njoo na vijana sita, dirisha unalijua.