SWR 1.1 ya nani? Acheni kuua antena za watu kwa kuzipeleka bendi zisizo zake

Wakuu wa redio za ridhaa, salaam. Mgeni wa fani ajue tu: SWR ni kipimo cha jinsi antena inavyopatana na kebo na redio; 1 kwa 1 ni kupatana kabisa, na namba ikipanda nguvu nyingi zaidi inarudi. Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie. Na atakayehisi nimemgusa ajue nimemkusudia.

Hapa mezani mbele yangu kuna baluni, kile kifaa kinachounganisha kebo na antena na kuzuia mkondo usishuke kwa nje ya kebo. Au tuseme ilikuwa baluni. Kopo lake la plastiki limevimba upande mmoja, pete ya feraiti ndani imepasuka vipande viwili, na enameli ya waya imegeuka kahawia kiasi kwamba ukiigusa kwa kucha inabanduka. Nimelifungua tangu asubuhi na bado linanuka. Hii ndiyo iliyokuwa katikati ya dipoli yangu, antena ya waya wa nusu mbili unaolishwa katikati, ya bendi ya mita 40, yaani masafa ya 7 MHz. Dipoli niliyoikata mwenyewe kwa 7.1 MHz, mita 20 na kidogo ncha hadi ncha, nikiishusha na kuipandisha siku nzima, napunguza sentimita mbili huku, sentimita mbili kule, mpaka ikakaa. Imenihudumia miaka bila neno. Nikamwazima mwenzangu kwa wiki mbili. Nilimpa sharti moja tu: hii ni ya mita 40, ukitaka na mita 15 (21 MHz) itakubeba, kwingine usiipeleke.

Akaipeleka mita 20 (14 MHz). Tena kwa FT8, ule utumaji wa data kwa kompyuta. Tena kwa wati 100.

Nilipomuuliza akanijibu kwa utulivu kabisa: "Kaka, mbona SWR ilikuwa 1.1?"

Hilo jibu ndilo limenileta hapa, maana si lake peke yake. Kila wiki kuna mtu anauliza kama antena yake ya bendi fulani inaweza kwenda bendi nyingine, na kila wiki wanatokea watano kumwambia "weka tyuna, itakubali tu". Itakubali nini? Nani kakubali? Kilichokubali ni redio, kwa sababu imedanganywa. Tyuna ikiwa mezani kazi yake ni kuionyesha redio omu 50 inazozitaka ili isipunguze nguvu. Basi. Kutoka tyuna kwenda juu, kebo na antena vinabaki na ugomvi wao uleule. Ile 1.1 aliyokuwa anaishangilia ni ya kipande cha kebo cha nusu mita kati ya redio na tyuna.

Sasa twende juu. Dipoli ya nusu wimbi kwa 7 MHz ukiipeleka 14 inakuwa ya wimbi zima. Pale katikati unapoilisha, mkondo unakuwa mdogo na volti zinakuwa kubwa, kwa hiyo badala ya kuona omu 50 au 70, kebo inaona maelfu. Tuchukulie 3000. Ukigawanya kwa 50 unapata SWR ya 60 kwa 1. Sitini! Na yeye anatumia RG-58, kebo nyembamba, mita 25 hivi. Kebo hiyo kwa 14 MHz ikiwa na mzigo unaoifaa inapoteza desibeli moja na kidogo, si kitu cha kukunyima usingizi. Lakini hapa nguvu inapanda, inagonga, inarudi, tyuna inaisukuma juu tena, inagonga tena, na kila safari kebo inakata nauli yake. Pigeni hesabu wenyewe, hasara nzima inafika desibeli 9 na nusu hivi. Katika wati 100 alizokuwa anatuma, zilizofika juu ni kama 11. Nyingine zote zilikuwa zinapasha moto kebo, na katika zile chache zilizofika, baluni yangu ikajichukulia sehemu yake mpaka ikapasuka.

"Lakini nilikuwa napata majibu ya mbali." Najua ulikuwa unapata! FT8 inasomeka hata mawimbi yakiwa desibeli 20 chini ya kelele, kwa upana ule wa 2500 Hz wanaoupimia. Ukifunga redio kwenye chaga ya kitanda cha chuma utapata majibu. Kusikika hakuthibitishi kwamba antena inafanya kazi. Na hiyohiyo FT8 ndiyo iliyoiua: katika kila sekunde 15 zamu yako ikifika unarusha sekunde 12.64 mfululizo kwa nguvu kamili, hakuna kupumua. Kwa sauti ya kawaida, maneno yanapanda na kushuka, wastani unakuwa chini, na pengine baluni ingevumilia. Mtu hajui hata tofauti hiyo halafu anaazima vitu vya watu.

Halafu mwishoni, kama anaongea jambo dogo, akasema eti siku ile kasha la redio "lilikuwa linang'ata kidole" na kipanya cha kompyuta kikawa kinaganda kila akirusha. Ndugu yangu, hapo ulikuwa unaambiwa! Baluni ilishakata tamaa, mkondo ukaanza kushuka kwa nje ya kebo mpaka chumbani kwako. Unang'atwa kidole na unaendelea kuita CQ, yaani kuita yeyote akujibu.

Tuachane naye kidogo, nije kwa wauzaji. Antena imeandikwa kwenye boksi "1.8 hadi 54 MHz, SWR chini ya 2, haihitaji tyuna". Urefu wake mita chache. Jamani. Dipoli kamili ya mita 80, yenye mita 40 za waya hewani, inatulia chini ya 2 kwa kilohezi 150 au 200 tu, wakati bendi yenyewe inaanzia 3.5 inaishia 3.8 kwa sisi wa Kanda ya 1 ya ITU (shirika la mawasiliano la kimataifa; Afrika imo), na wenzetu wa Kanda ya 2, Amerika, wanafika hadi 4.0. Waya mzima unashindwa kufunika bendi moja, halafu kifimbo kinafunika zote? Kuna njia mbili za kuupata huo muujiza: ama kuna rezista ndani inayokula nguvu, ama kuna transfoma na kebo zinazokula nguvu. Kwa rezista sina ugomvi nayo ikitajwa. Ile dipoli iliyokunjwa na kuinamishwa yenye rezista ni ya zamani, inajulikana, na anayeinunua anajua kwamba kwenye bendi za chini nguvu nyingi inaishia kwenye joto. Ugomvi wangu ni ile inayofichwa halafu SWR inatumika kama cheti cha ubora. Ukitaka SWR ya 1 kwa 1 kutoka 1.8 mpaka 54, funga mzigo bandia wa omu 50, rezista tu isiyo antena. Hautakusumbua bendi yoyote, na hakuna atakayekusikia.

Na wale wa Yagi, ile antena ya vyuma vingi inayorusha upande mmoja, msijifiche. Antena nyingine ukiitoa nje ya bendi inakuwa dhaifu tu, Yagi inaweza kukugeuka. Vile vielekezi vya mbele vinaelekeza kwa sababu ni vifupi kuliko nusu wimbi. Pandisha masafa mbali ya kutosha, vinafikia nusu wimbi na kupita, vinaanza kufanya kazi ya kiakisi, kile chuma cha nyuma kinachorudisha mawimbi, na mawimbi yanarudi nyuma. Unaielekeza mashariki, inarusha magharibi, na mita ya SWR inaweza isikwambie lolote. Ukishuka chini ya bendi yake angalau inazorota polepole. Ukipanda juu ndiko inakoanguka ghafla. Hizi antena za nguzo ndefu nyeupe za 144 na 430 MHz nazo zina lake: ndani zimepangwa vipande vinavyotegemeana kwa awamu, ukitoka kwenye masafa yake vipande havipatani tena na nguvu inaanza kwenda angani badala ya kwenye upeo.

Kabla hamjaniita mlokole wa SWR: simo. Kuna watu wakiona 1.6 wanashusha mlingoti, hao nao wanachosha. SWR ya 2 inarudisha asilimia 11 tu, ya 3 asilimia 25, na kwa kebo nzuri fupi kwenye masafa ya chini sehemu kubwa ya hiyo inarudishwa juu na tyuna na kurushwa vizuri tu. Kuvuta dipoli ya 3.6 mpaka 3.75 kwa tyuna, fanya, sitakupigia kelele. Dipoli ya 7 kuipeleka 21 ni sawa kwa sababu nusu wimbi tatu zinaingia na katikati panakuwa na mkondo tena. Kusikiliza, sikiliza popote: huko HF (masafa ya 3 hadi 30 MHz) kelele ya angani ni kubwa kuliko hasara ya antena, ishara na kelele vinashuka pamoja, hukosi kitu. Na anayetaka waya mmoja kwa bendi zote aulishe kwa laini ya waya mbili za wazi, ile ya omu 450, na tyuna inayofaa, kwa sababu laini hiyo inapoteza kidogo sana hata SWR ikiwa kubwa. Tofauti yote iko kwenye kebo na kwenye kitu ulichoweka katikati, na ndicho hakuna anayekiuliza. Wanauliza mita inasema ngapi.

Ningeishia hapo, ila naona kwenye majibu kuna mkuu ameandika kwamba antena yake ya 144 hadi 146 MHz anaitumia mpaka 160, "SWR 1.8, haijawahi kunisumbua, acheni nadharia".

NYONGEZA. Mkuu wa 1.8, hili nimelijua kwa aibu yangu mwenyewe, kwa hiyo sikucheki. Nilipoanza VHF (masafa ya 30 hadi 300 MHz) nilikuwa na mita 30 za RG-58 kutoka redioni hadi juu ya mlingoti. SWR yangu ilikuwa 1.8 popote nilipogusa: 144, 146, hata nje. Nikajigamba kwamba nimepata antena pana. Mvua ikanyesha wiki nzima, nikaona watu hawanijibu tena. Nikapima: 1.8. Nikasema antena nzima, watu ndio wamelala. Siku nilipopanda nikakuta konekta imeoza kwa maji, kile kisindano cha katikati kimekatika na kebo inaning'inia. Hakukuwa na antena. Kulikuwa na kebo, na mita ilikuwa inapima kebo.

Sababu ni hii. Mita 30 za kebo ile kwa 145 MHz zinapoteza desibeli 5 na kitu kwenda, na hizohizo kurudi. Hata nguvu yote ikigonga hewa juu na kurudi, mita yako chini inaona kilichobaki baada ya desibeli 10 na zaidi. Ukiibadilisha kuwa SWR unapata 1.8 hivi. Kebo mbovu inasafisha SWR kuliko antena nzuri. Kwa hiyo usibishane na mimi, panda juu, fungua antena, acha ncha ya kebo wazi, halafu usirushe kwa nguvu kubwa, pima kwa wati moja au kwa kile kipimaji kidogo cha mkononi. Kama bado ni 1.8, ujue umekuwa ukisifia kebo. Na uipime antena ukiwa kulekule juu, au kwa kipande kifupi cha kebo nzuri. Halafu hiyo 160 yenyewe uwe na ruhusa ya kurusha huko; leseni ya ridhaa haipanuki kwa sababu redio imefunguliwa masafa.

NYONGEZA YA PILI. Mkuu amerudi, namheshimu kwa hilo. Amepima na antena: 1.8. Amepima bila antena: 1.9. Ameuliza kebo gani anunue. Hapo sasa ndipo mazungumzo yalipopaswa kuanzia. Jibu langu: kwanza pima urefu unaouhitaji kweli, nina hakika si 30, na kinachobaki usikizungushe kama kamba ya ng'ombe nyuma ya meza. Kisha tafuta kebo nene ya aina ya RG-213 au bora kuliko hiyo, konekta ya juu uifunge kwa utepe unaoziba maji, na antena uirudishe kwenye 145 ilikozaliwa.

Na wewe mwenye 1.1, najua unasoma, nimeona jina lako pale chini. Baluni sikudai, nitasokota nyingine. Ila nusu moja ya dipoli bado iko kwako, ile yenye kizio cheupe cha kauri. Usiikate, usiiunge na kitu, usiijaribu mita 17. Irudishe Jumamosi kama ilivyo.